Wote Walimuulizia Vero

Siku mliyoniaga mlinilisha keki, mkanipa saa ya ukutani, halafu Neema wa mapokezi akasema, "Mzee Athumani, tuandikie kidogo basi, tujue zamani mlikuwa mnafanyaje." Nikajibu nitaona. Sasa nipo nyumbani Kihonda, bustani nimeshaipalilia mpaka haina kitu cha kupaliliwa, na mke wangu amenipiga marufuku kumpangia upya vyombo vyake. Kwa hiyo naandika.

Sitasema nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, kwa sababu hayo hayamsaidii mtu aliyekaa kwenye dawati la madai huku mteja akimfokea. Nitasema habari za maswali ya watu wenye magari. Nianze na lile lililoulizwa kuliko yote katika miaka yangu pale ofisini, ingawa kwenye vitabu vya mafunzo halimo. Mtu anasukuma mlango, anafika kwenye dawati langu, ambalo ndilo la kwanza ukiingia, ananiangalia, anaangalia nyuma yangu, kisha anauliza: "Vero yupo?"

Vero mnaye bado, mpaka mwakani. Najua mtampa asome, na asome tu. Nilimwonea wivu tangu mwaka wake wa kwanza, nikamwonea wivu siku ya keki, na leo asubuhi nikiwa nanawa uso nilijikuta nikimwonea tena, bila sababu mpya. Watu husema wivu unapungua kwa uzee. Wangu umestaafu nao, ila haujakaa kimya.

Mimi nilizaliwa Kingolwira, baba akiwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Tabora akaishia pale stesheni. Nilipoajiriwa nilikabidhiwa kwa Mzee Hamisi, mkadiriaji wa hasara, mtu mwembamba wa kofia ya kufuma ambaye aliongea kama vile maneno yanakatwa kwenye mshahara wake. Siku ya kwanza hakunipa kiti. Alinipa chaki, futi kamba, na kioo kidogo kilichofungwa kwenye fimbo, cha kuangalizia chini ya gari, tukaenda gereji kwa miguu. 

Pale gereji tulikuta gari dogo lililobonyea mbele. Mwenye gari alikuwa bwana mmoja mwenye suti, akatueleza kwamba amegongana na pikipiki na mwenye pikipiki amekimbia. Alieleza vizuri sana, hadi rangi ya pikipiki na sura ya kijana. Mzee Hamisi alimsikiliza mpaka mwisho, akainama, akachomoa kitu kwenye matundu ya mbele ya gari, akakileta mbele ya macho ya yule bwana.

"Hiyo pikipiki," akauliza, "ilikuwa na manyoya?"

Yule bwana akakaa kwenye tairi. Kumbe alikuwa amegonga ng'ombe. Na alikuwa na bima kubwa, ile ambayo ingemtengenezea gari lake akigonga ng'ombe, akigonga mti, akigonga ukuta wa shemeji yake. Alidanganya bure kabisa. Wakati wa kurudi ndipo Mzee Hamisi akanifundisha somo ambalo nimelitumia kazi yangu yote: watu huidanganya bima hata pale ambapo ukweli ungewalipa, kwa hiyo liulize gari kwanza, watu uwaulize baadaye. Nililishika somo hilo vizuri sana, pengine kuliko alivyotaka.

Maswali mengine hayajabadilika tangu siku zile. Mama mmoja wa Msamvu alikuja na taksi yake imebonyea mlango, stika mpya kwenye kioo, akataka kujua lini tutamnyooshea. Nikamweleza kwamba hiyo ni bima ndogo, na bima ndogo humlipa yule uliyemgonga, lakini gari lako wewe haligusi. Akafikiri kidogo. "Yaani mimi niliyelipia haijanijua, na yule asiyelipia ndiyo inamjua?"  Mwambieni tu mteja mapema, siku anayolipia, kabla hajagonga mtu.

Wengine hununua gari kwa mtu, stika bado ina jina la muuzaji, wakadhani bima imekuja pamoja na gari kama tairi la akiba. Gari likibadilisha mwenyewe, mwenyewe mpya aje aandikishwe, la sivyo siku ya ajali tutakuwa tunatafutana. Wengine wanapakia watu juu ya magunia ya karoti, halafu lori likipata ajali wanauliza kama majeruhi watalipwa, na kila mmoja wa wale majeruhi, ukimuuliza, ni fundi au msaidizi wa dereva. Na karibu wote hukasirika wakisikia kwamba hata kwenye bima kubwa kuna sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe. Hilo nalo lisemeni mapema, na msilinong'one.

Vero alikuja ofisini baada yangu. Kwao ni Mgeta, huko juu ambako ukungu unashuka mpaka kwenye kabichi. Mzee Hamisi, ambaye mimi aliniachia chaki na kunitembeza juani, alimpokea Vero kwa kumpa kiti. Naomba mlikumbuke hilo, maana mimi nimelikumbuka kwa niaba ya kila mtu. Na mzee alipostaafu, kile kioo chake cha fimbo alimwachia Vero, ambaye hakuwa mtu wa kulala chini ya magari. Alikitundika nyuma ya mlango wa kabati akawa anajitazama humo kuona kama rangi ya mdomo imekaa sawa. Kila nilipolazimika kuinama chini ya gari nikipapasa kwa mkono, nilikikumbuka kile kioo.

Masharti ya bima niliyajua mimi. Nisijitie unyenyekevu wa bure: kifungu chochote ungenitajia ningekuambia kinaanzaje na kinaishia wapi, na Vero mwenyewe alikuwa akija dawati langu kuniuliza. Alikuwa ananiuliza vizuri, ananisikiliza, ananishukuru, halafu anarudi kwake kumweleza mteja kwa maneno mengine, na mteja anaelewa. Yale yale niliyomweleza mimi nusu saa iliyopita akanitolea macho. Watu wa Nyandira, huko huko Mgeta, wakija mjini kufuatilia madai walikuja na matunda ya plamsi kwenye ndoo na karoti zenye udongo bado, na ndoo zilipita dawati langu zikielekea nyuma. Mimi niliachiwa shikamoo.

Lakini nisiwadanganye. Sikumwonea wivu kwa ajili ya plamsi. Nilimwonea wivu kwa sababu watu walimwambia ukweli. Dereva mmoja wa basi dogo alinieleza mimi kwamba mbuzi alikatiza barabara ghafla, akanichorea hadi mbuzi alipotokea. Vero alipopita akamwuliza tu, "Kaka, ulilala saa ngapi siku ile?" na yule dereva akasema, "Dada, sikulala. Nilisinzia." Nilikuwa nimeshampima huyo mbuzi kwa futi kamba. Kwenye kazi yetu, mtu ambaye huambiwa ukweli bila kuutafuta ana kitu ambacho huwezi kukinunua wala kukisomea, na kukiona kwa mwenzako kila siku, dawati la nyuma tu, kunachoma.

Basi, nifike kwa Mama Adela.

Mama Adela alikuwa mfanyabiashara wa mboga wa huko Mgeta, mjane, mwenye lori moja. Alikuja ofisini akimuulizia Vero kama kawaida, ila Vero alikuwa likizo ya uzazi, ikabidi anivumilie mimi. Alitaka bima ndogo, apate stika asisumbuliwe na trafiki. Mimi nikamkalisha, nikamweleza kona za kule kwao kana kwamba hazijui, nikamwambia lori moja ndiyo duka lako na shamba lako na ada ya watoto, likianguka huna kitu. Akachukua bima kubwa. Leseni ya dereva wake niliiona kwa macho yangu: Fulgensi, mwanawe mwenyewe, leseni safi, ya daraja linalotakiwa. Mama Adela alikuwa mteja wangu wa kwanza wa kutoka milimani ambaye ningeweza kusema huyu ni wangu. Nilifurahi kupita kiasi.

Masika moja lori hilo lilishuka na kabichi, likateleza kwenye kona iliyo chini kidogo ya kijiji chao, likalala ubavu. Kichwa kilibonyea, ekseli ya mbele ikapinda, na kibaraza cha duka la jirani kikavunjika. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Mama Adela alituma taarifa upesi kama nilivyomfundisha, nami nikaomba taarifa ya polisi nikiwa na moyo mweupe kabisa, kwa sababu bima ipo, leseni ipo, mvua kila mtu aliiona.

Taarifa ikaja. Kwenye nafasi ya dereva hakuwa Fulgensi. Alikuwa Klementi, kaka yake mkubwa Mama Adela, na polisi walikuwa wameandika kwamba alidai leseni yake imepotea. Tulipofuatilia, tukakuta hajawahi kuwa na leseni maishani mwake. Mnajua maana yake. Gari likiendeshwa na mtu asiye na leseni, kwa idhini ya mwenye gari, bima kubwa haitengenezi hata kioo cha pembeni. Makao makuu wakanielekeza niandae barua ya kukataa madai.

Niliomba kwanza nikaliangalie lori. Nilipanda mwenyewe, mpaka pale kwenye kona, lori likiwa limesimamishwa na kusogezwa kando ya njia. Nikaliuliza gari kwanza, kama nilivyofundishwa. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho, na kishikio chake kilikuwa kimepinda kwa ule mshindo, hakisogei mbele wala nyuma. Kilibaki vilevile kilivyokuwa wakati wa ajali. Aliyekuwa ameendesha alikuwa mtu mrefu.

Watu walikuwa wameshajaa. Akaja Mzee Klementi, kofia ya kanisani kichwani. Alikuwa mfupi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwuliza kama ni yeye aliyekuwa anaendesha.

"Ni mimi," akasema.

"Basi mzee naomba upande, ukae kama ulivyokuwa umekaa siku ile."

Alinitazama kidogo. Kisha akapanda, taratibu, akishikilia mlango. Akakaa. Miguu yake ikaning'inia, klachi iko kule, yeye yuko huku. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akampiga kofi. Na kule nyuma ya watu, nikamwona Fulgensi, kijana wa kuinama kila mlango, plasta kwenye paji la uso, anatazama chini.

Niliona nimemaliza kazi. Nikawaeleza wote kwa sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka: aliyeendesha akiwa hana leseni, bima hailipi na lori hili litabaki hapa hapa liote majani. Aliyeendesha akiwa ni Fulgensi, mwenye leseni, bima inalipa. Kinachotakiwa ni dereva mwenyewe aende polisi aseme. Nilisema pia kwamba Fulgensi huenda akafikishwa mahakamani kwa uendeshaji wa uzembe, na kwamba siwezi kumwahidi mtu chochote kuhusu hilo. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa kwa faida yao.

 Mama Adela alijifunga kanga upya. Mzee Klementi akashuka, akajipangusa suruali, akaniambia, "Nimeshasema, bwana bima. Mimi ndiye mjomba wake." Kisha akaondoka na watu wakamfuata. Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu. Mpaka leo nasema hesabu yangu ya kile kiti ilikuwa sahihi, na Mzee Hamisi angenipa mkono.

Makao makuu hawakunipa mkono. Wakanijibu kwamba kiti hakitoi ushahidi, wanataka maelezo ya dereva, na kama hayapo barua iondoke. Nikawa nayo ile barua mezani, imeshapigwa chapa, inasubiri saini tu. Mama Adela akapiga simu. Hakulia. Aliniuliza kama kuna mtu ananunua vyuma chakavu mjini, kwa sababu wakulima aliokuwa akiwabebea mzigo walikuwa wameanza kumpakilia mtu mwingine, na mwanawe mdogo alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Alisema yote hayo kwa adabu, akiniita baba. Mimi ndiye niliyemwuzia ile bima. Mimi ndiye niliyemwambia likianguka hutabaki mikono mitupu.

Dawati la Vero lilikuwa nyuma yangu, mtu akinyoosha mkono anafika. Safari ya kufika pale ilinichukua siku nzima. Nilikwenda kunywa maji, nikaenda kuangalia posta, nikaenda kuuliza kama umeme utakatika. Mwisho wa kazi, Vero akiwa anafunga kabati lake, nikamwambia kwa namna ya kupita tu:

"Vero, kesho una nafasi?"

"Ya nini, kaka Athumani?"

"Mgeta. Kwa Mama Adela."

"Si mteja wako huyo?"

Aliuliza bila ubaya wowote. Hapo ndipo paliponiuma zaidi, maana kama pangekuwa na ubaya ningegeuka nikarudi zangu.

"Ni wangu," nikasema. "Lakini hawasemi."

Akafikiri. "Basi tuondoke mapema. Mchana kule ukungu unafunga njia."

Njia nzima, tangu tulipoiacha barabara kubwa pale Sangasanga tukaanza kupanda, nilimsimulia habari ya kiti. Alisema ni kazi nzuri, na najua alimaanisha. Kuanzia Langali alikuwa anasimamishwa na watu: huyu anamwuliza mtoto amefikia wapi, yule anampa salamu za mama yake. Mimi niliangalia nje upande wa pili nikihesabu makorongo.

Nyumbani kwa Mama Adela nilipewa kiti. Kiti kizuri, cha mbao, chenye kitambaa cha kufuma mgongoni, kikawekwa peke yake sebuleni. Vero hakupewa kiti. Alipitiliza jikoni, akavuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya viazi kana kwamba alikuwa ameviacha hapo jana. Kutoka pale nilipokaa niliona mgongo wake na moshi. Mzee Klementi alikuwa ameshafika, yuko huko huko jikoni karibu na moto, na Fulgensi amesimama mlangoni. Wakawa wanaongea Kiluguru. Nimeishi Morogoro maisha yangu yote, na Kiluguru changu kinaishia kwenye salamu.

Halafu Mama Adela akaja kwangu, akapiga goti kidogo. "Baba, sisi huku tumepika nguruwe. Wewe tutakupikia kwenye sufuria nyingine, kuku yupo. Ila tunaomba utuchinjie mwenyewe, ili ule kwa amani."

Wenzangu Waislamu mnajua heshima hiyo, na mnajua kwamba haikataliki. Nikashukuru, nikavua koti, nikachukua kisu. Lakini kuku wa Mgeta wamezoea kuishi kwenye mteremko, na huyo alikuwa hajakubali. Alinitoka mkononi, akashuka kwenye tuta la kabichi, mimi nikashuka nyuma yake na viatu vyangu vya ofisi. Nikasikia jikoni wanacheka, sidhani walikuwa wananicheka mimi, ingawa wangekuwa na haki.  Nilipomchinja nikasikia sauti ya Mzee Klementi peke yake, anaongea, anaongea, anatulia, anaongea tena. Nikasimama pale nje na kuku mkononi, nimechafuka mpaka magotini, nikijua kabisa kwamba kile kitu nilichokipandia mlima mara mbili kinatokea ndani, na mimi sipo. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Vero wakati ule. Ilikuwa kama njaa.

Nilipoingia, Mzee Klementi alikuwa amevaa koti na Fulgensi anafunga kamba za viatu.

"Tunakwenda polisi," mzee akaniambia. "Mimi na mpwa wangu. Atasema kwamba ni yeye, na mimi nitamwekea dhamana."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla ya ukungu."

"Na kuku?" nikauliza, kwa kuwa sikuwa na swali lingine.

"Tutakufungia mbichi, baba," akasema Mama Adela. "Mama watoto atakupikia."

Kituoni askari alimgombeza Mzee Klementi vya kutosha kwa kuidanganya polisi, na vijana wangu, msimwambie mteja kwamba hilo ni jambo dogo, maana angeweza kufunguliwa kesi yake mwenyewe. Mzee alisimama na kofia mkononi akayapokea yote. Fulgensi akaandika maelezo mapya. Baadaye alifikishwa mahakamani, akapigwa faini, na mjomba wake alikuwa amekaa nyuma yake siku zote. Sisi tuliwaacha pale kituoni wakimalizia, na tulipobaki wawili kwenye gari nikashindwa kujizuia.

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu," Vero akasema. "Nilimwuliza, siku Fulgensi atakapokwenda polisi, nani atamsimamia dhamana? Akasema, nani mwingine zaidi yangu? Nikamwambia, haya."

Kisha akanieleza, polepole, jinsi anavyowaeleza wateja. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye anayemjibia. Mpwa akivunja cha mtu, mjomba ndiye anayekwenda kuomba radhi. Mpwa akitaka kuoa, mjomba ndiye anayesimama. Lori lilipolala, kabla trafiki hawajapanda, Mzee Klementi alimpeleka kijana nyumbani, akavaa kofia yake, akaja kukaa kwenye jiwe kando ya lori awasubiri. Alikuwa anafanya kazi yake ya ujomba. Hakujua kwamba kuibeba ile kesi ni kulizika lori la dada yake. Na nilipokuja mimi kumwambia, nilikuwa namtaka mbele ya watu wote amtupe mpwa wake. Fulgensi naye asingeweza kusema akiwa mjomba ameshasema, wala Mama Adela. Walichohitaji ni mahali pengine pa mjomba kusimama.

Dhamana! Wateja wangapi nimewaeleza habari ya dhamana? Ningeweza kuikariri usingizini. Neno lilikuwa mdomoni mwangu siku zote, na Vero amelitoa akiwa anamenya viazi. Nilimpakata kuku mpaka tukafika mjini.

Madai yakapita. Kibaraza cha jirani kililipwa, kwa sababu ndani ya bima kubwa ile ndogo nayo imo, na lori likaletwa gereji huku Kihonda. Hapo nilirudi kwenye kazi yangu, na naomba niseme niliifanya vizuri kuliko mtu yeyote angeweza kuifanya. Nilikuwa pale gereji asubuhi na jioni. Nilikataa ekseli ya kuunga. Nilimrudisha fundi rangi mara mbili. Na makao makuu walipofuta gharama ya kuandika maneno kwenye paji la lori, wakasema ni mapambo, nilipigana nao. Niliwaandikia kwamba bima kazi yake ni kumrudisha mtu pale alipokuwa, asizidi wala asipungue. Lori hili kabla ya ajali lilikuwa na maandishi, lilikuwa limeandikwa Jasho la Mama, basi lirudi na maandishi. Wakaleta ubishi, nikawatajia kifungu. Wakakubali. Vero hakuwa na habari hata kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu amefika pale ofisini, nilikuwa na kitu kwenye madai ya watu wa Mgeta ambacho kilikuwa changu peke yangu.

Siku ya kulichukua lori tulikwenda wengi wa ofisini, na Vero akiwemo. Mama Adela alikuwa amevaa kitenge kipya, Mzee Klementi kofia yake, Fulgensi kwenye usukani amekunja magoti. Fundi akavuta turubai. Rangi ilikuwa safi, kichwa kimenyooka, na pale juu ya kioo, kwa herufi nyekundu zenye kingo za njano, kwa rangi ile niliyoipigania mimi, palikuwa pameandikwa ASANTE VERO.

Watu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga makofi, kwa kuwa nilikuwa na mikono. Kisha nikamsogelea Mama Adela, nikamwuliza kwa utani, angalau nilijitahidi uonekane utani, kama mimi jina langu halikutosha kwenye lile paji.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa na machozi, na alinipenda, hilo niliona.

"Baba yangu," akasema, "wewe Mungu akubariki sana. Lakini wewe si ulikuwa kazini?"

Nikamwambia ndiyo, mama, nilikuwa kazini. Halafu nikamtazama Vero, ambaye tulikuwa tumekuja naye kwenye gari moja la ofisi, saa za kazi, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, nikangoja aseme neno. Na Vero akaitikia kwa kichwa, kwa moyo wake wote, kwamba ni kweli kabisa, Athumani alikuwa kazini.